Kokwet Ikae Iseme

Bonareri alisema neno lake mara moja na hakulirudia. "Kokwet ndiyo ilikaa ikasema niondoke. Basi kokwet ikae iseme nirudi." Kisha akamuuliza mumewe kama amekula na kama yule ng'ombe amepona chuchu, wakaagana.

Kipngeno alibaki ameshika simu mlangoni mwa nyumba ya marehemu mamake, upande wa Kimulot, akitazama mashamba ya majani chai yakiteremka hadi mtoni na kupanda tena ng'ambo hadi ukingoni mwa msitu. Ilikuwa miezi minne tangu arudi. Miaka ishirini na mitatu alikaa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya chai, huko chini, akiendesha trekta la kubeba majani, na tisa kati ya hiyo alikuwa stiwadi wa chama cha wafanyakazi. Mashine za kuvuna zilipoletwa, watu waliachishwa kazi kwa mafungu. Yeye alikuwa fungu la tatu. Bonareri alibakizwa kwa sababu alifanya kazi kwenye kitalu, na hakuna mashine iliyokuwa imejifunza kupandikiza miche. Lakini kitalu nacho kilikuwa kifungwe mwisho wa Novemba, na nyumba ya laini huenda pamoja na kazi. Siku hiyo ingebidi afunge mizigo. Angekuja Kimulot kwa mumewe, au angekwenda Keroka kwa kaka yake Nyagaka, ambaye alikuwa ameshamtengea chumba na kukitundikia pazia.

Sasa ilikuwa Oktoba. Kipngeno alikuwa akilala ukingoni mwa kitanda, upande wa ukutani akiuacha wazi, kama mtu anayemshikia mwenzake nafasi kanisani.

Asiyezaliwa huku huenda asijue kokwet ni nini. Ni majirani, nyumba ishirini au thelathini za mteremko mmoja. Ng'ombe wako akizama matopeni, ni wao wanaokuja na kamba. Ukifiwa, ni wao wanaochimba kaburi. Na mkigombania mpaka, ni wao hao hao wanaokaa kwenye nyasi na kusema mpaka uko wapi, na wakishasema, hata chifu huchukua muda kabla ya kupinga.

Mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi ule, Bonareri alikuwa akikaa hapa na mama mkwe, na mtoto wao Chepkorir alikuwa na miaka miwili. Kipngeno alikuwa kazini. Mchana mmoja wanaume walikaa kwenye banda la kituo cha kuuzia majani. Jioni neno likapita nyumba kwa nyumba: kokwet imeamua, wasio wa hapa waondoke kabla ya asubuhi. Bonareri, aliyetoka Ukisii, alikuwa peke yake ambaye neno hilo lilimhusu. Alfajiri mama mkwe alimsindikiza hadi barabarani, dereva wa lori la majani akamficha chini ya turubai na mtoto wake, na hivyo ndivyo alivyotoka Kimulot. Hakuguswa na mtu. Yeye mwenyewe husema hivyo akiulizwa: hakuna aliyenigusa, yalikuwa maneno tu. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena. Mama mkwe alipofariki, Bonareri alikaa siku tatu ndani ya nyumba ya laini bila kwenda kazini, akamwacha Kipngeno aende kuzika peke yake.

Kwa hiyo Kipngeno alijua vizuri anachotakiwa kuleta. Hakujua tu kinaletwaje.

Mwezi wa Septemba alikuwa amehudhuria semina huko Mogogosiek, ya kufundisha watu mambo ya katiba. Mwalimu, msichana mwenye miwani, aliandika ubaoni: "Kokwet ni taasisi ya kijamii na kisiasa." Kipngeno aliacha shule darasa la sita, lakini kuandika anaandika. Aliyanakili maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari. Yalimpendeza. Yalikuwa na uzito, kama maneno ya mkataba. Sasa, jioni moja ya Oktoba, alimpigia Bonareri simu akamsomea.

"Hiyo ya kijamii naijua, Baba Chepkorir. Nilikula nayo. Nilibeba nayo maji. Ni hiyo ya pili iliyonitoa."

"Basi nitaanzia na hiyo ya pili," Kipngeno akasema.

"Anzia unapotaka. Mimi nakwambia tu mlango nilioutokea."

Akaanza kama stiwadi. Aliandika barua ya ukurasa mmoja na nusu, yenye vichwa vidogo. Aliomba uamuzi wa mwaka ule ufutwe, jina la mke wake liingizwe tena kwenye kokwet, na kura ipigwe kwa kuinua mikono. Jumapili baada ya ibada akaenda nayo kwenye banda la majani, ambapo wanaume hupenda kukaa siku ambayo lori haliji. Mzee Robert alikuwepo, ndiye husikilizwa kwanza kwenye kokwet hiyo. Kogo Chemutai, yaani Bibi Chemutai, pia alikuwepo, ameketi kando kwenye kreti akimenya muwa. Yeye huongoza wanawake wa mteremko ule, na hakuna aliyewahi kumchagua.

Kipngeno alisimama akaisoma yote. Alipomaliza, mtu mmoja alikohoa.

"Stiwadi," akasema kijana mmoja nyuma, "na tusipokubali, utaitisha mgomo?"

Watu wakacheka. Kipngeno hakucheka. "Nauliza mambo ya maana," akasema. "Uamuzi ulifanyika hapa. Naomba ufutwe hapa."

Mzee Robert alivua kofia akaitazama ndani. Alizungumza taratibu. "Kijana wangu, hakuna kitu cha kufuta. Siku ile kokwet haikukaa. Walikaa watu. Kokwet ikikaa, akina mama wako, wazee wako, mwenye jambo anaitwa anasikizwa. Siku ile hakuna aliyeitwa. Ilikuwa siasa."

"Walisema ni kokwet."

"Walisema."

"Na wewe ulikuwepo, mzee. Uliketi pale kwenye mizani. Mama yangu aliniambia."

Chemutai aliacha kumenya muwa. Mzee Robert alivaa kofia yake, akasema kuna ng'ombe anamngoja, akaondoka taratibu akipitia njia ya juu. Wengine nao wakakumbuka ng'ombe zao. Kipngeno alibaki na barua yake mkononi, na Chemutai kwenye kreti.

"Umesema kweli," Chemutai akasema. "Lakini umeisema vibaya."

"Kweli inasemwa vizuri namna gani, kogo?"

"Sijui. Mimi sikusoma." Akatema makapi ya muwa. "Umerudi miezi minne. Mtaro wa maji tulichimba wewe ukiwa wapi?"

"Nilikuwa Kericho kufuatilia malipo yangu."

"Na mazishi ya Arap Soi?"

"Nilikuja mazishi."

"Ulikuja na shati jeupe. Kaburi lilichimbwa jana yake." Akainuka, akakung'uta sketi. "Jumanne tunachuma kwa Cheptoo."

Cheptoo alikuwa jirani wa nyumba ya juu, mjane, aliyeteleza kwenye mvua akavunjika mguu. Alikuwa kitandani wiki ya tatu, na michai yake ilikuwa imeanza kurefuka kama nywele za mtu asiye na wa kumwambia akanyoe. Jumanne Kipngeno alivaa koti safi, akapitia dukani, akanunua mikate miwili na sukari, akaenda. Aliwakuta watu kumi na wanne wamesimama ndani ya michai, vikapu mgongoni, mikono ikienda.

Chemutai aliona mikate kwanza. "Angalieni, mgeni amekuja kuona mgonjwa. Cheptoo yuko ndani, Stiwadi, mpelekee. Halafu ukitoka tuletee kikapu, kama hakitachafua koti."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akashika kiuno. Kipngeno alihisi masikio yakichemka. Miaka yote laini, mtu akiugua, walikuwa wanafanya hivyo hivyo: mkate, sukari, pole. Kampuni ndiyo ilichuma majani ya wagonjwa. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mahali ambapo majani ya mgonjwa humngoja jirani.

Alimpelekea Cheptoo mikate, akavua koti akalitundika kwenye ua, akaazima kikapu. Na hapo aibu ya pili ikaanza, kwa sababu alikuwa dereva. Alikuwa amebeba majani ya watu kwa miaka ishirini na mitatu bila kuyachuma. Alivunja matawi, aliokota majani magumu, aliacha machipukizi. Chemutai aliingiza mkono kwenye kikapu chake akatoa jani moja pana, akaliinua juu watu wote walione.

"Hili tukipeleka, karani ataturudishia tufungie chapati."

"Nifundisheni basi."

"Mke wako hakukufundisha?" aliuliza mwanamke mmoja upande wa pili.

Sauti zikashuka kidogo. Kwa muda zilisikika vidole tu, ule mlio mdogo wa majani yakikatika.

"Yule alikuwa anachuma kwa mikono miwili," Chemutai akasema, kana kwamba anazungumza na michai. "Mkono wa kushoto ulikuwa hautazamwi kabisa. Anaongea na wewe, anakutazama machoni, na mkono unajua wenyewe. Na alikuwa akiimba nyimbo zao za Kikisii tusizozielewa, tunaitikia vibaya, anacheka mpaka anakaa chini." Alichuma mistari miwili kimya. "Asubuhi ile nilikwenda kumwamsha twende mtoni. Nilikuta maharagwe yako motoni. Mama yako amekaa nje, hasemi. Nikajua. Hakuna aliyetuuliza sisi. Tulisikia kokwet imeamua, na sisi ni nusu ya kokwet, tukashangaa imeamulia wapi."

"Mbona hamkusema?" Kipngeno akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua.

"Tuliogopa," Chemutai akasema. "Halafu uoga ukaisha, ikabaki aibu. Aibu haiishi haraka. Mtu anapita mwaka, anapita wa pili, anasema sasa nitampigia simu nimwambie nini."

Kipngeno aliinamia mchai uliofuata. Alikuwa amefikiri ni yeye peke yake aliyekuwa akiishi na nafasi tupu.

Aliendelea kwenda. Jumanne iliyofuata alikwenda, na Ijumaa, mpaka michai ya Cheptoo ikarudi kuwa sawa juu kama meza. Alikwenda kuinua paa la zizi la mtu ambaye hata hakumpenda. Jioni alimpigia Bonareri simu akamsimulia yote, jani pana na kicheko, na maharagwe. Bonareri alisikiliza. Kwenye maharagwe aliuliza, "Chemutai alisema hivyo? Alisema yalikuwa motoni?"

"Ndiyo."

"Niliyaacha makusudi," Bonareri akasema. "Nilidhani mtu ataniita nirudi niyaangalie." Kisha akasema mtandao ni mbaya, na mtandao haukuwa mbaya.

Wiki mbili kabla ya kitalu kufungwa, Mzee Robert alikuja mwenyewe kwa Kipngeno. Alikataa kiti, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Akasema kwamba tangu Jumapili ile hajala vizuri, na kwamba kokwet imekaa.

"Lini?" Kipngeno akashtuka. "Sikuitwa."

"Ulikuwepo. Jana, tukimaliza zizi. Tulipokunywa chai pale. Chemutai aliuliza kila mtu, mmoja mmoja, nani ana neno juu ya mke wa Kipngeno kurudi. Wewe ulikuwa umepanda juu kupigilia misumari."

"Na walisema nini?"

"Waliuliza anakuja lini."

"Basi niandikieni, mzee. Mistari miwili tu, muweke sahihi. Nimpelekee."

Mzee Robert alitikisa kichwa. "Hapana. Neno la kumtoa lilipelekwa na mtu aliyetumwa. Hili tutalipeleka sisi."

Wakaenda Alhamisi watu sita, Mzee Robert na Chemutai wakiwa mbele, na Kipngeno nyuma kama mtu anayepelekwa kuposewa. Chemutai alibeba maziwa ya mala kwenye kibuyu, amekikumbatia njia nzima. Kwenye laini, nusu ya milango ilikuwa na makufuli, nyasi zimeota mpaka vizingitini. Bonareri aliwakaribisha ndani, akawakalisha kitandani na kwenye ndoo zilizopinduliwa, akawapa chai. Alikuwa amenenepa kidogo na amevaa kitambaa cha kichwa cha kanisani. Mizigo yake ilikuwa imeshafungwa kwa kamba, imepangwa ukutani. Haikuandikwa inakwenda wapi.

Chemutai alitaka kumkumbatia, akaishia kumpa kibuyu. Bonareri alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka mezani bila kukifungua.

Mzee Robert alisema alichokuja kusema. Alikisema vizuri. Alisema kokwet imekaa, akina mama wakiwepo, na imesema arudi nyumbani kwake.

Bonareri alisikiliza mpaka mwisho. "Asante, baba," akasema. "Na siku ile, wewe uliketi upande gani?"

Kipngeno alifungua mdomo. Alitaka kuingilia. Chemutai alimkanyaga mguu.

"Niliketi karibu na mizani," mzee akasema. "Hakuna upande niliochukua. Wenye kelele waliongea, wakaniuliza, mzee, si ni hivyo? Nikanyamaza. Wakasema mzee amekubali. Nikanyamaza tena." Alishika kikombe kwa mikono yote miwili. "Ndiyo maana waliweza kusema ni kokwet. Bila mimi ingekuwa ni vijana tu bandani. Nilikuja kukwambia hilo, si lile la kwanza. Lile la kwanza hata huyu mume wako angeweza kulileta na barua zake."

Nje, mtu aliita kuku.

"Nimengoja mtu aseme hivyo," Bonareri akasema polepole. "Nilikuwa nikijiambia labda nilikosea, labda nilimuudhi mtu mtoni. Mtu asipoambiwa kosa lake analitafuta mwenyewe, baba. Miaka kumi na saba nimelitafuta."

"Halikuwepo," Mzee Robert akasema.

Wakakaa. Chai ikapoa. Mwisho Chemutai, ambaye hawezi kunyamaza muda mrefu, akasema gari linangoja nje, na kwamba mizigo yote itaingia wakiipanga vizuri.

"Mizigo nitaituma na Baba Chepkorir," Bonareri akasema. "Mimi siji na gari. Nilitoka kule nimefunikwa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitashukia pale juu barabarani, mchana, niteremke kwa miguu."

"Na Nyagaka?" Kipngeno aliuliza.

"Nyagaka nitamwambia akiuze kile kipazia."

Jumamosi hiyo Kipngeno aliamka akafagia uwanja, akaufagia tena. Alisimama langoni tangu saa nne. Saa sita ilipita. Mvua ilitishia ikaenda upande wa msitu. Alijiambia kwamba mtu anaweza kubadili nia akiwa amekaa garini, kwamba Keroka nayo ni barabara hiyo hiyo ukigeuka. Saa saba na nusu watu waliokuwa kwenye michai upande wa juu walianza kuinua vichwa, mmoja baada ya mwingine, na vikapu vikasimama.

Bonareri alikuwa akiteremka na beseni kichwani, mkono mmoja ukining'inia. Hakuharakisha. Aliwaamkia watu wa kila shamba alilopita, nao wakamwitikia, wengine kwa Kikisii kibovu kilichomfanya asimame acheke. Mzee Robert aliondoa kofia yake. Kipngeno aliona yote kutoka langoni. Alifungua lango akalishika lisijirudi.

Alipofika kwenye njia panda ndogo, Bonareri aliinua mkono akampungia. Kisha akageuka kulia, akapanda kwa Cheptoo, maana huwezi kupita nyumba ya mgonjwa bila kubisha. Chemutai na wawili wengine waliacha vikapu wakamfuata. Mlango wa Cheptoo ukafunguka, ukafungwa. Baada ya muda kidogo sauti zao zikasikika ndani, zote kwa pamoja, na hakuna neno lililotambulika.

Kipngeno aliendelea kushika lango. Mkono ulianza kumuuma. Angeweza kuliegemeza kwa jiwe akaingia ndani kuweka maji ya chai, lakini hakutaka Bonareri atoke amkute hayupo. Akabadilisha mkono, akangoja.